"Umeshafanywa" Si Jibu

Binti yule hakufika hata slaidi ya tatu. Anasoma shahada ya uzamili ya saikolojia, na siku hiyo alikuwa anatetea pendekezo lake la utafiti mbele ya jopo la idara. Alitaka kurudia, kwa watoto wa chekechea wa mtaani kwao, jaribio maarufu la Walter Mischel: mtoto anawekewa kitu kitamu mezani, anaambiwa akisubiri mpaka mkubwa arudi atapata viwili, kisha anaachwa peke yake. Mahali pa pipi laini za Kimarekani yeye angeweka kashata. Alikuwa na kurasa kumi na moja za utaratibu: kashata iwe ya ukubwa gani, mlango uachwe wazi au ufungwe, nani atoke, arudi baada ya dakika ngapi. Mjumbe mmoja akavua miwani. "Dada, huu utafiti umeshafanywa. Tena zamani. Pengo liko wapi?" Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mimi ndiye msimamizi wake. Nilipopewa nafasi ya kusema, karatasi ilikuwa imeshaandikwa: abadilishe mada.

Naandika hapa niliyopaswa kuyasema pale, kwa sababu jambo lenyewe si la jopo moja. Yeyote aliyepita vyuo vyetu anaijua sentensi hiyo. Imeingia mpaka kwenye muundo wa tasnifu: sura ya pili lazima imalizike na "pengo la utafiti", na pengo maana yake ni mada ambayo hakuna aliyeigusa. Wanaolishikilia wazo hili si watu wabaya. Wengi ni walimu waliochoshwa na tasnifu zinazonunuliwa steshenari na kubadilishwa jina la wilaya tu, na swali la pengo ndilo ngao waliyobaki nayo. Nawaheshimu, na baadhi yao walinifundisha. Lakini katika hili wamekosea, na kosa lao linaumiza watu walio nje ya kuta za chuo.

Nianze na kilichotokea mahali ambapo sheria hiyo ilifuatwa kikamilifu. Mwaka 2011 Daryl Bem, profesa mwenye heshima zake wa Chuo Kikuu cha Cornell, alichapisha majaribio tisa yenye washiriki zaidi ya 1,000 katika jarida kubwa la Marekani la saikolojia ya jamii. Alidai binadamu anaweza kuhisi yajayo. Katika jaribio mojawapo, watu walikumbuka vizuri zaidi maneno ambayo wangekuja kuyafanyia mazoezi baada ya mtihani kwisha. Stuart Ritchie, Richard Wiseman na Christopher French walilirudia jaribio hilo mara tatu wasipate kitu. Wakapeleka matokeo yao kwenye jarida lile lile. Likawarudishia bila hata kuwapa wahakiki, kwa maelezo kwamba halichapishi tafiti za marudio. Makala yao ilitoka mwaka 2012 kwingine. Madai ya kubashiri yajayo yalikuwa mapya, basi yakapata mlango. Kuyapima upya kulikuwa "kumeshafanywa", basi kukabaki nje. Jopo letu lilihukumu kwa mizani hiyo hiyo.

Wataniambia marudio hayaleti jipya. Hebu tutazame Brussels. Mwaka 1996 John Bargh na wenzake wa New York waliwapa wanafunzi maneno yaliyovurugwa wayapange yawe sentensi. Kundi moja lilipewa maneno yanayokumbusha uzee, na washiriki wake, ilisemwa, walitembea polepole zaidi ukumbini walipokuwa wanatoka. Utafiti huo uliingia vitabuni, ukafundishwa dunia nzima. Hata mimi nimeufundisha. Mwaka 2012 Stéphane Doyen na wenzake wa Brussels waliurudia kwa watu 120, na mahali pa saa ya mkononi wakatumia vihisi vya miale vya kupima muda. Tofauti ikapotea. Hawakuishia hapo. Walifanya jaribio la pili, safari hii wakiwaandaa wasimamizi wenyewe watarajie kwamba washiriki fulani watatembea polepole. Washiriki hao wakatembea polepole kweli. Kumbe kilichokuwa kinapita kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kilikuwa matarajio ya msimamizi, na kilipita bila neno kusemwa. Hilo ni jipya kuliko mada nyingi zinazopitishwa na majopo yetu kwa makofi, na lilipatikana kwa kurudia.

Kila mfanyabiashara wa sokoni anajua kwamba mizani yake itakaguliwa na watu wa vipimo na kubandikwa stika, na mwaka unaofuata watakuja tena. Hakuna anayemwambia mkaguzi kwamba mizani hii ilishapimwa, atafute nyingine ambayo haijapimwa. Mama anayenunua kilo mbili za mchele anafaidika na ukaguzi huo hata kama hamjui mkaguzi. Sisi tunaofundisha saikolojia tunatoa ushauri wa namna ya kulea watoto, kuajiri watu na kutibu sonona, na mizani yetu tumeipima mara moja.

Hatari ya kupima mara moja si ya kubuni. Mwaka 2015 kundi la watafiti lililoratibiwa na Brian Nosek lilitoa matokeo ya kurudia tafiti 100 zilizokuwa zimechapishwa katika majarida matatu ya saikolojia. Katika zile za mwanzo, asilimia 97 ziliripoti matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizofikia hapo, na ukubwa wa matokeo kwa wastani ulikuwa karibu nusu ya ule wa awali. Wapo waliozipokea takwimu hizi kwa kusema kwamba saikolojia yote ni porojo. Nao wamekosea, na kuwajibu hakuhitaji maneno mengi kwa sababu nilishawajibu darasani, kwa kalamu za rangi.

Katika semina yangu ya mbinu za utafiti, siku ya kwanza hatufungui kitabu. Naandika ubaoni maneno ya rangi kwa wino usiolingana nayo: "nyekundu" kwa wino wa kijani, "kijani" kwa wino wa bluu, "njano" kwa wino mwekundu. Mwanafunzi anasimama, anataja rangi ya wino bila kusoma neno, mwenzake anashika saa. Wote wanakwama. Ulimi unataka kusoma, jicho linataka kutaja, na darasa zima linaona mtu mzima akigugumia mbele ya neno "njano". John Ridley Stroop alichapisha jambo hili mwaka 1935, kwa Kiingereza, Marekani, na linarudi kila muhula katika chumba chenye feni mbovu, kwa Kiswahili. Mwaka jana mmoja aliuliza kama ule wino uitwe bluu au samawati, wakabishana dakika kumi, na katika zile dakika kumi walijifunza kwamba kabla ya kupima lazima mkubaliane mnapima nini. Saikolojia inayo mambo imara. Huwezi kuyatenga na mambo legelege kwa kuyatazama tu yakiwa vitabuni, sharti uyarudie.

Sasa nirudi kwenye kashata, maana hapo ndipo jopo lilipokosea zaidi.

Waliposema "umeshafanywa" walikuwa na maana ya majaribio ya Mischel katika chekechea ya Bing, Chuo Kikuu cha Stanford, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Miaka mingi baadaye watoto hao walifuatiliwa, ikaonekana waliosubiri kwa muda mrefu walikuja kufanya vizuri zaidi shuleni. Hadithi hiyo nimeisikia kwenye semina za ujasiriamali na mimbarini: mfundishe mwanao kusubiri, atafanikiwa. Lakini waliofuatiliwa hadi kwenye alama za mtihani wa kuingia chuo hawakufika hata mia, na wengi walikuwa watoto wa jamii ya chuo kile kile. Mwaka 2018 Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan waliangalia upya uhusiano huo kwa watoto zaidi ya 900 wa familia za aina nyingi. Ulikuwa nusu ya ule wa mwanzo, na hali ya nyumbani ilipozingatiwa, theluthi mbili za nusu hiyo nazo zikayeyuka. Kabla yao, mwaka 2013, Celeste Kidd na wenzake waliwapa watoto 28 ahadi ndogo kabla ya jaribio. Nusu walitimiziwa, nusu hawakutimiziwa. Waliotimiziwa walisubiri wastani wa dakika 12. Waliodanganywa walisubiri dakika tatu. Mtoto aliyezoea kuambiwa "nakuja sasa hivi" na mtu asiyerudi hana sababu ya kuacha utamu ulio mbele yake. Kusubiri kwake kunapima neno la wakubwa wake kama kunavyopima moyo wake.

Halafu kuna Kameruni. Bettina Lamm na wenzake walilipeleka jaribio hili kwa watoto wa miaka minne wa jamii ya Nso, wakulima wa kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, wakitumia maandazi madogo ya kukaanga ya huko. Takriban asilimia 70 ya watoto wa Nso walisubiri mpaka mwisho. Wenzao wa Ujerumani hawakufika asilimia 30. Soma tena tarakimu hizo. Nadharia iliyojengwa juu ya watoto wachache wa California ilipofika Afrika ilikuta watoto wanaosubiri kuliko wa Ulaya, na bado mahubiri ya semina zetu yanamwambia mzazi wa Kiafrika kwamba mwanawe ana upungufu wa subira. Ni nani wa kutueleza watoto wa Temeke, Kisumu au Bujumbura wanafanya nini mbele ya kashata, kama si wanafunzi wetu? Na tukiwakataza wao, tunataka jibu litoke wapi?

Kabla ya siku ya kutetea, binti yule alifanya mazoezi ya utaratibu kwa watoto watatu wa majirani, wazazi wao wakiwa wamekubali na kukaa chumba cha pili. Mtoto wa tatu, wa kike, alikaa kimya kidogo, akaichukua kashata, akaifunga kwenye kipande cha karatasi, akaitia mfukoni, akaendelea kukaa. Aliporudiwa na kuulizwa, alisema ni ya mdogo wake. Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu, "amekula" na "amesubiri". Tukabaki tunatazamana. Mtoto huyo hakula, ila sijui kama alisubiri; alikuwa anafanya jambo la tatu ambalo fomu haikulitarajia. Mtoto mmoja hathibitishi kitu. Lakini swali lililotoka mfukoni mwake nisingelipata kwa miaka ishirini ya kutafuta mapengo maktabani.

Kuna hoja ya umaskini, nayo nimeisikia kwa watu ninaowaamini: nchi tajiri ndizo zenye uwezo wa kurudia, sisi fedha kidogo tulizonazo tuzitumie kwa mapya. Hesabu inasema kinyume. Mwanafunzi anayebuni utafiti wake peke yake analazimika kutunga dodoso, kulijaribu na kutafuta washiriki, na mwisho anaambulia watu arobaini ambao hawatoshi kuthibitisha wala kukanusha lolote. Anayerudia anakuta vifaa tayari. Tafiti nyingi sasa zimewekwa wazi mtandaoni bure, dodoso, data na hatua za uchambuzi, katika hifadhi ya Kituo cha Sayansi Huria cha Virginia kilichoanzishwa mwaka 2013. Wanafunzi kumi wakigawana utafiti mmoja, kila mmoja katika mji wake, wanapata watu mia nne na jibu linaloeleweka. Wenzetu wamefanya hivyo: mradi uliochapishwa mwaka 2014 chini ya Richard Klein ulikusanya sampuli 36 na watu 6,344, ukarudia matokeo 13, na 10 kati yake yakasimama vizuri. Zingatia hapo. Kurudia hakukuja kubomoa tu. Matokeo kumi yalitoka na nguvu ambayo hayakuwa nayo.

Tena sisi ndio tunaohitaji zaidi, kwa sababu karibu kila chombo tunachopimia kimetoka lugha nyingine. Lipo dodoso la Kimarekani la msongo wa mawazo, la Sheldon Cohen na wenzake, la mwaka 1983. Swali lake la kwanza linauliza ni mara ngapi mwezi uliopita ulitibuka moyoni kwa sababu ya jambo usilolitarajia. Nilishika tasnifu tatu zilizolitumia. Ya kwanza iliandika "umekasirika", ya pili "umesikitika", ya tatu "umefadhaika". Mkazi wa Tanga anajua hizo ni hali tatu tofauti. Aliyekasirika ana mtu wa kumlaumu, aliyesikitika amekosa kitu, aliyefadhaika hajui ashike lipi. Tasnifu zote tatu zilipita, kila moja ikiwa na pengo lake na mada yake mpya, na hakuna inayoweza kuzungumza na mwenzake. Laiti ya pili ingepewa kazi ya kuirudia ya kwanza, kwa tafsiri ile ile na tafsiri nyingine pembeni yake, leo tungekuwa na chombo kimoja cha kuaminika cha Kiswahili badala ya vitatu vya kubahatisha. Muuguzi wa zahanati anayemuuliza mgonjwa kama ana mawazo angekuwa na kitu cha kushika.

Na asije mtu akasema huu ni ugomvi wa Wazungu. Mwaka 2004 Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha utafiti wa dawa za minyoo katika shule za msingi 75 za Busia, magharibi mwa Kenya. Ni wa uchumi, si wa saikolojia, lakini mbinu ni zile zile. Walisema dawa zilipunguza utoro kwa takriban robo, na kwamba hata watoto wa shule za jirani ambao hawakumeza walifaidika. Baadaye waliwakabidhi data zao na programu za hesabu watafiti wa London wazipitie upya. Mwaka 2015 majibu yakatoka: kulikuwa na makosa, mojawapo la programu iliyohesabu shule 12 tu za karibu mahali ambapo shule zilikuwa nyingi zaidi, na madai ya manufaa kwa shule za mbali yakapoteza nguvu. Malumbano yaliyofuata yalikuwa makali, na mengine hayajaisha. Nawasifu Miguel na Kremer kwa kufungua daftari lao. Kinachoniuma ni kwamba waliomeza vidonge walikuwa watoto wa Busia, na waliogombana juu ya jedwali walikuwa London na Marekani. Data zilikuwa wazi. Mwanafunzi wa Maseno au Makerere angeweza kuzifungua na kulikuta kosa lile. Lakini angelazimika kwanza kulipita jopo lenye swali la pengo.

Walimu wangu wanaohofia tasnifu za kunakili wanipe sikio hapa, kwa sababu tunamwogopa adui mmoja. Anayenakili anaificha kazi aliyoichukua. Anayerudia anaitaja kwa jina, anafuata hatua zake mbele ya macho ya watu, na anatangaza kabla ya kuanza ni matokeo gani yatakayomfanya akubali au akatae. Mwanya wa udanganyifu uko kwenye kazi ambayo hakuna atakayeirudia. Vyuoni tunalo neno, kupika data, na kila mwanafunzi anajua mtu aliyejaza madodoso usiku chumbani. Diederik Stapel wa Tilburg, Uholanzi, alipika kwa miaka mingi. Alipofichuliwa mwaka 2011, waliomfichua walikuwa watafiti vijana watatu wa idara yake, na makala zake 58 zimeondolewa. Wapo pia wasiopika ila wanatia chumvi: wanajaribu uchambuzi huu na ule mpaka ukolee, kisha wanaripoti uliokolea tu. Uchunguzi wa Anne Scheel na wenzake wa mwaka 2021 ulikuta kwamba katika makala za kawaida za saikolojia asilimia 96 zilidai nadharia tete yao imethibitika. Pale ambapo jarida lilikubali makala kabla ya matokeo kujulikana, ni asilimia 44. Tofauti hiyo inatoka kwa watu wanaolazimishwa kuleta jipya, na jipya lenyewe liwe la kufurahisha.

Marudio mabovu yapo. Kubadilisha jina la wilaya na kutumia dodoso usilolielewa ni ubovu, uite marudio au uite ugunduzi, na jopo lina haki ya kuukataa. Liulize basi maswali ya haki: kwa nini utafiti huu na si mwingine, sampuli inatosha, utaratibu umefuatwa wapi na umeachwa wapi, data zitawekwa wapi ili mwingine azipate. Binti yule alikuwa na majibu ya maswali yote manne. Hakuulizwa hata moja.

Amebadilisha mada. Sasa anashughulikia matumizi ya mitandao ya kijamii kwa vijana wa wilaya moja, kwa dodoso alilolitunga mwenyewe. Atafaulu, ana akili nyingi. Zile kurasa kumi na moja aliniachia. Ziko mezani kwangu, pamoja na fomu ambayo tumeiongezea kisanduku cha tatu, na mwanafunzi wa chuo chochote anayezitaka aje azichukue.